Siku Nilipolaumu Kalkuleta za Wanafunzi

Jamani, Jumatatu nilitoka kwangu mtaani Landless nikaenda shule moja ya Ruiru kufundisha somo la majaribio. Nikifaulu, wananiajiri. Mwalimu mkuu alikaa nyuma ya darasa akiwa amekunja mikono, nami nikaanza kutokwa na jasho kabla hata sijashika chaki.

Somo lilikuwa la hesabu, kubadilisha besi ya logi. Nikaandika ubaoni logi ya nane, besi mbili, nikaeleza kwamba tunachukua logi ya nane, tunagawa kwa logi ya mbili. Nikabonyeza kalkuleta, nikaandika jibu: 1.303.

Msichana wa mbele, Akinyi, akainua mkono. "Mwalimu, mimi nimepata tatu."

"Kalkuleta yako ni mbovu," nikasema haraka.

"Hata sisi tumepata tatu," wakasema wenzake.

Hapo ningepaswa kuangalia upya. Lakini kwa woga nikawaambia eti kalkuleta za bei rahisi hudanganya.

"Lakini mwalimu," Akinyi akasema kwa upole, "mbili mara mbili mara mbili si ni nane?"

Mwalimu mkuu akaja mbele, akachukua kalkuleta yangu na kusoma nilichobonyeza.

"Mwalimu Wafula, juu umetumia log, ya besi kumi, chini umetumia ln, ya besi e. Hizo ni besi mbili tofauti." Akanirudishia. "Na leo unafundisha nini vile?"

"Kubadilisha besi, Madam," nikajibu, na darasa zima likaangua kicheko.