Filta Iliyompausha Apolinaria

Apolinaria Wenceslaus Adriano Ngassa: hayo ndiyo majina yake yote, na hakuna hata moja la kuazima. Ngassa, babu wa baba yake, alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, akarudi na miguu yake yote miwili, jambo ambalo ukoo bado unalitangaza kana kwamba miguu ile ilikuwa mali ya serikali. Adriano, babu yake, alikuwa wa kwanza kubatizwa kijijini kwao na wa kwanza kutimuliwa kwenye kwaya. Wenceslaus, baba yake, alipunga bendera ya kijani stesheni ya Bukene miaka ishirini na sita bila kugonganisha treni, ingawa mwenyewe aligongwa na baiskeli mara mbili. Na Apolinaria, kwa elimu ya shule ya msingi na jicho kali, aliendesha studio ya picha nyuma ya soko Tabora mjini miaka arobaini. Aliwapiga maharusi, mahujaji, makatekista, na mwizi mmoja aliyetaka picha ya pasipoti kwa haraka sana.

Ila picha yake mwenyewe hakuwa nayo. Mwezi wa saba walimzika Advera, mwenzake wa kwaya, na juu ya jeneza ikawekwa picha iliyokuzwa kutoka kadi ya kura. Maskini marehemu alionekana kama mtu aliyekamatwa akiswaga ng'ombe wa wizi. Apolinaria alirudi nyumbani akampigia simu Gaudensia, binti wa mdogo wake, aliyekuwa Dar es Salaam akijiandaa kwenda likizo Kigoma na kamera mpya.

"Pitia hapa kwanza. Mimi sizikwi na uso wa kadi ya kura."

"Shikamoo, mama mkubwa. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Ndiyo maana nataka nipigwe picha sasa."

Gaudensia alifika, na kabla hajafungua begi akapita dukani kwa Nassibu, muuza vifaa vya simu na kamera, akatoka na filta ya kujaribu. Airudishe kesho yake jioni, au ainunue. Ni kioo cheusi cha mviringo kinachofungwa mbele ya lenzi. Ukikizungusha, kinakata mng'ao. Bei yake ilikuwa ya mbuzi mwenye mimba.

"Mbuzi angezaa," alisema Apolinaria. "Hiki kitazaa nini?"

Asubuhi wakakipeleka bwawa la Igombe. Gaudensia alizungusha taratibu, na ule weupe uliokuwa ukimeta juu ya maji ukafutika. Yakaonekana mawe, perege wawili, na ndala moja ya mguu wa kushoto. Anga nayo ikakolea buluu kama sweta la shule. Alipoielekeza kamera upande wa jua, filta haikufanya lolote.

"Hapo mbuzi wako amelala," alisema Apolinaria. "Anga ya Tabora haijawahi kuwa na rangi ile, lakini uongo wake mzuri."

Alasiri ikawa zamu yake. Alioga, akavaa gauni la zambarau, akajipaka mafuta mpaka paji likawaka. Mwanamke wa umri wake akitoka bila kung'aa, majirani huanza kuuliza watoto wake wanamlisha nini. Akakaa kwenye stuli barazani, mgongo wima, miwani usoni.

Picha ya kwanza Gaudensia aliipiga bila filta. Ngozi ilipendeza, lakini miwani ilikuwa madirisha mawili meupe, hakuna macho. Akafunga filta, akazungusha, akapiga tena. Macho yakaonekana. Apolinaria akaitaka kamera, akatazama.

"Gaudensia."

"Abee, mama mkubwa."

"Nimejipaka nusu kopo. Yako wapi mafuta yangu?"

"Filta imekata mng'ao."

"Imekata mng'ao! Umenianika juani kama michembe ya viazi! Nikilazwa kanisani na uso huu, watu watachangishana waninunulie losheni!"

"Basi vua miwani."

"Waombolezaji waulize huyu ni nani? Sivui."

Gaudensia akazungusha filta huku na huku. Mng'ao wa miwani ukirudi, na wa paji ulirudi. Ukiondoka, iliondoka yote miwili kama wakwe waliokosa chakula. Tena filta inakula mwanga, na pale kivulini picha zilianza kutoka na ukungu.

Apolinaria aliiangalia ile picha ya kwanza tena, na aibu ikamshika. Wazee wangapi wenye miwani waliwahi kukaa mbele yake studio? Aliwarekebishia miwani kwa mkono wake mwenyewe. Tatizo ni kwamba hakuwahi kukaa upande huu wa kamera.

"Toa hicho kioo," aliamuru. "Njoo. Inua mikono ya miwani juu ya masikio kidogo. Kidogo, si kofia hiyo! Vioo viinamie chini. Sasa piga."

Gaudensia akapiga. Macho yalikuwepo, na ukali wake. Paji liliwaka. Apolinaria aliitazama picha mpaka kioo cha kamera kikajizima.

"Mbele ya hii," alisema, "hakuna atakayethubutu kunisengenya msibani."

"Na filta, ninunue nisinunue?"

"Ya ziwa na anga, nunua, ndiko unakokwenda. Ukikutana na binadamu, ifungue uitie mfukoni. Na treni yako ya Kigoma, Usoke inasimama?"

"Inasimama, lakini mimi sishuki."

"Unashuka. Pale wapo wanawake kumi na mmoja niliosali nao, na wote wanangoja kuzikwa na kadi zao za kura. Muulize Recheli, mke wa Eliasi wa tumbaku, atakukusanyia. Kila mmoja apake mafuta kwanza, akae uani penye mwanga, asishike mkoba. Mwenye miwani umwinamishie kama ulivyofanya kwangu. Ziwa halizeeki, litakungoja. Na Recheli uanze naye yeye, Gaudensia. Tangu masika anakohoa."