Maoni Matatu kwa Wiki

Jina la Pilipili hakupewa na wazazi. Alilipata chuoni kwa sababu ya ulimi wake, na mwenyewe akalifurahia. Mwalimu alipotangaza kwamba darasa zima litaandika blogu, kila mtu makala moja kwa wiki na maoni matatu kwenye makala za wenzake, Pilipili alicheka waziwazi.

"Mwalimu, yaani tusifiane kwa ajili ya maksi?"

"Msomane," mwalimu alijibu. "Kusifiana ni juu yenu."

Wakasifiana. Lo, walivyosifiana! Mmoja aliandika kuhusu viatu vyake, akaambiwa amegusa mioyo. Mwingine alibandika aya moja mara mbili kwa bahati mbaya, akapongezwa kwa kusisitiza. Aliyemkera Pilipili kuliko wote ni kijana waliyemwita Kasuku, ambaye kila makala, iwe ya msiba au ya mpira, aliijibu kwa neno lile lile: "Tuko pamoja." Debe tupu, Pilipili alisema, tena lenye kutu.

Akawatega. Aliandika makala ndefu kuhusu elimu, na katikati akapachika maelekezo ya kuzibua sinki la jikoni. "Hoja nzito!" wakaandika. "Umenifungua macho!" Ni jirani yake wa dawati tu, binti waliyemwita Mpole, aliyeandika: "Sinki limezibuka, ahsante. Sasa turudi kwenye elimu." Siku hiyo Pilipili alijua ana rafiki.

Nyumbani alimsimulia mama yake, aliyekuwa akikunja nguo.

"Na wewe, za kwao unazisoma?" mama aliuliza.

"Mama, kuna cha kusoma pale?"

"Haya, mwanangu. Nyani haoni kundule."

Pilipili alikuwa ameshaanza kuandika tafakuri yake ya mwisho, ile ambayo kila mwanafunzi angeisoma mbele ya wenzake, na alitaka iwaume.

Siku ya kusoma, Mpole alitokea baada ya kutoonekana wiki nzima. Pilipili alidhani alikuwa na mafua. Alimsogezea kiti, lakini Mpole alipita, akaenda kukaa nyuma kabisa, kando ya Kasuku. Ilimshangaza, ila zamu yake ilikuwa imefika.

Akawachambua mmoja mmoja. Wengine walicheka, wengine waliinama. "Darasa hili lote," alimalizia, "ni mtu mmoja tu aliyewahi kunisoma, na yuko pale." Akamwonyesha Mpole kwa kidole.

Mpole hakutabasamu. "Mwalimu, naomba utufungulie yangu ya wiki iliyopita."

Mwalimu aliifungua, ikaonekana ukutani kwa maandishi makubwa. Iliitwa "Bustani ya Mama." Ilianza na nyanya na maua, ikaendelea na mmwagiliaji wake, mama, aliyelazwa, na mwisho ilisema: "Nakaa naye hospitali peke yangu. Kama kuna anayenisoma, Jumamosi aje anipokee kidogo, nikaoge."

Chini yake Kasuku alikuwa ameandika: "Tuko pamoja. Wodi gani?" Naye alijibiwa. Chini ya jibu hilo yalifuata maoni ya Pilipili: "Bustani tamu! Hongera, hoja nzito."

Hakuna aliyecheka. Pilipili alikumbuka vizuri alivyoyaandika yale maneno, huku akivaa viatu tayari kutoka, akitafuta maoni ya tatu ili amalize.

"Alikuja na ndoo na sabuni," Mpole alisema, akimwangalia Kasuku. Kisha akamgeukia rafiki yake. "Ile makala yako ya sinki nilimsomea mama, akacheka mpaka akakohoa. Jumamosi nzima alikuulizia. Nikamwambia una mafua. Nimemdanganya mgonjwa kwa ajili yako."

Pilipili, mwenye maneno yote duniani, akauliza kwa sauti ndogo, "Yuko wodi gani?"

"Imeandikwa pale," Mpole akasema. "Soma."