Hasali Huyo

Wimbo mmoja wa bolingo ulinigharimu mke na kochi la watu wawili. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili nilianza na kochi, nikitumaini mke atasalia. Hakusalia.

Mimi ni mchuuzi wa mahindi. Nanunua Kang'ata, nauza Korogwe, na kila wiki nalala huko Kang'ata siku mbili. Nyumbani kwetu Kilole tulikuwa na redio ya kuchomeka kadi. Kadi yenyewe alitujazia nyimbo za Kikongo fundi redio wa sokoni, mtu aliyeishi Kigoma na Wakongo miaka mingi. Nilibishana naye bei mpaka akashuka nusu. Niliondoka pale najiona mjanja.

Wimbo mmoja niliupenda kuliko zote. Mwimbaji alirudia, kwa sauti ya mtu aliyefunga siku tatu: "Nasali nini, nasali nini." Kilingala sikijui, ila kusali nakujua. Nikamweleza mke wangu, "Unamsikia? Anamwombea mkewe. Mapenzi yamemzidi, hajui hata asali sala gani." Miaka miwili, kila Jumapili akipika, mimi naupiga na kuitikia kwa nyuma. Majirani wakawa wananitania: "Vipi jirani, umeshasali leo?"

Jumapili moja alikuwa anachambua mchicha. Nikaanza kuitikia. Akasema bila kuinua kichwa:

"Hasali huyo."

"Ila anafanya nini?"

"Anauliza amefanya nini. Mke wake ana mtu, na yeye ndiye wa mwisho kujua."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana mchuuzi akisikia bei mpya huuliza imetoka wapi.

"Kilingala umekijulia wapi, mke wangu?"

Jani la mchicha likabaki mkononi. Redio ikamjibia, gitaa peke yake, muda mrefu.

"Nimekuuliza."

"Ulikuwa Kang'ata," akasema. Akaendelea na mchicha wake.

Siku mbili kwa wiki, miaka miwili. Hesabu hiyo sikuirudia.

Sasa yuko Ngombezi na fundi wake. Kochi alikuja kulichukua. Alilinunua mwenyewe, sikubisha. Nilimshikia hata upande mmoja kulitoa mlangoni, maana lilikuwa zito kwa mtu mmoja. Juzi akaniletea ujumbe kwenye simu: "Baki na redio. Nirudishie kadi tu."

Redio nzima kwa kikadi cha ukubwa wa ukucha! Tangu nianze uchuuzi sijawahi kuwekewa bei nzuri hivyo, na nimeshindwa kusema ndiyo. Jumapili nikipika bado naupiga, na pale pa kuitikia naitikia. Maana yake naijua sasa, lakini mdomo haujaambiwa.

Nimpe kadi, au nimnyime? Nakuomba ushauri, wewe uliyewahi kuachwa. Ila usiniambie nisali.