Kufuli kwa Nje

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo: nikitoka, nifunge kufuli kwa nje, au niwaache wajifungie kwa ndani?

Katika chumba changu cha kupanga Kitengela, nyuma ya pazia, nilikuwa nimemficha jirani yangu na watoto wake wawili. Uchaguzi ulikuwa umeharibika, na vijana walipita ploti kwa ploti, kila ua wa nyumba za kupanga, wakitafuta watu wa kabila la huyo mama. Kufuli kwa nje lingeonyesha hakuna mtu. Lakini kila mtu alijua mimi ni kapera, nakula kwenye kibanda cha chakula, na asubuhi hiyo nilinunua unga pakiti mbili na maziwa.

"Msomi, umeoa kimya kimya?" mama wa kioski akanitania. "Na sisi tunangoja pilau."

Nilicheka. Kisha nikaanza kuwaza kile kicheko kilisikikaje, na nani mwingine alikisikia.

Nikafunga kwa nje, nikaenda Kajiado kwa mwalimu wangu wa zamani, mama Mholanzi aliyetufundisha hesabu miaka ya tisini, tayari akiwa mzee. Mara moja tu alitusimulia kwamba Wajerumani walipoikalia nchi yake, yeye, msichana bado, aliingia kundi la siri lililowaficha Wayahudi wasipelekwe kuuawa. Nilimweleza kuhusu mama na watoto wake, nikamuuliza yeye alijuaje kwamba angefaulu.

"Sikujua," alisema. "Familia moja ilichukuliwa nikiona. Hao wako, umewaacha wapi?"

Nikamweleza habari ya kufuli. Nadhani nilijivunia kidogo.

Akaweka kikombe chini. "Na wakichoma nyumba?"

Nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa hicho. Mwalimu hakunifariji. Alisema tu chumba cha nyuma kiko wazi, niwalete.

Nilipokaribia Kitengela, moshi ulikuwa unapanda, na kwa mbali sikuweza kujua ni ploti ya nani. Nilikimbia huku nikitafuta ufunguo mfukoni. Yetu ilikuwa bado imesimama. Ndani, mama alikuwa amekaa sakafuni, kiganja chake juu ya mdomo wa mtoto mdogo. 

"Tunaenda Kajiado," nikasema.

"Mchana huu? Watatuona."

"Watatuona."

Vijana walikuwa barabarani. Sikujua wangeniuliza nini, na kwa mara ya kwanza sikuandaa jibu. Nikambeba mdogo begani, nikamshika mkubwa mkono, nikatangulia kutoka.