Beki Aliyeitwa Pita Mbali

Sisi tuliokulia Kilwa Masoko, mpira tuliujua kwa masikio kabla ya macho. Ukiwa nyumbani unabangua korosho ukasikia uwanja mzima umesema "Haaa!", ujue Athumani amemfikia mtu.

Athumani alikuwa beki wetu wa kati, na sisi watoto tulimwita Pita Mbali, kwa kuwa waliopita karibu walijuta. Tukicheza chandimu kila mtu alitaka kuwa yeye, tukarudi nyumbani magoti yamechunika. Mama alikuwa akituosha kwa maji ya chumvi huku akisema, "Mnamwiga Athumani? Mwenzenu ana miguu ya mkongo, ninyi ya mpapai!"

Watu wa Kiswere, wapinzani wetu wa jadi, walimchukia kwa moyo mmoja. Waliwahi hata kuapa kumsomea albadiri. Sisi tulimpenda vivyo hivyo, bila kumuuliza kitu.

Siku moja ilikuja timu ya Kipatimu, vumbi jekundu la milimani limewajaa hadi kwenye kope. Walikuwa na winga mmoja, Kosmas, mwembamba, mwepesi kama swala. Alimpita Athumani mara ya kwanza. Alipojaribu tena, tukasikia mlio kama wa kuni kavu. Kosmas alilazwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye choo cha shule, akabebwa. Sisi tukaimba. Athumani peke yake ndiye hakuimba. Alisimama akiutazama ule mlango unavyokwenda.

Mwaka huu vijana wakaandaa siku ya kumuenzi. Athumani ni mzee sasa, amevaa kanzu na kofia, anatembea taratibu. Waliokuja kwa wingi kuliko wote, amini usiamini, ni watu wa Kiswere. "Huyu ndiye mchezaji!" wakapiga kelele wale wale wa albadiri. Kijana mmoja mwenye nywele za rangi akamwambia, "Shikamoo mzee. Siku hizi ungekula kadi nyekundu kabla hujafunga kamba za viatu!"

"Marahaba," akajibu Athumani. "Ningestahili."

Watu wakacheka wakidhani anatania. Alipopewa kipaza sauti akasema, "Ndugu zangu, namwona Kosmas wa Kipatimu amekaa pale. Mbele yenu, naomba aniwie radhi."

"Aa, mzee, usituharibie!" mtu akapaza sauti. "Ule ndio ulikuwa mpira!"

Kosmas akainuka na mkongojo wake, akaja akichechemea.

"Athumani," akasema, "wajukuu zangu wananiambia naongopa kuhusu mguu huu. Wanasema nilianguka kwenye mkorosho. Mimi nimekuja tupige picha."

Uwanja ukavunjika kwa vicheko. Athumani hakucheka. Aliinama kwa shida, akaugusa ule mguu.

"Bado unauma?"

"Masika tu," Kosmas akamjibu kwa sauti ndogo. "Nilishakusamehe zamani, bwana. Nilingoja uje nikwambie."

Athumani akaanza kulia. Simu zikainuliwa kila upande. "Tabasamu, mzee!" wakamwambia. "Picha haitoki vizuri!"

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kutazama mechi ya vijana. Viatu vyao vinang'aa kama peremende, na akiguswa mmoja anagaagaa kama samaki aliyetolewa majini. Kijana wa timu ya wageni alikanyagwa, akateguka kifundo cha mguu. Yule aliyemkanyaga akavua jezi, akamfunga nayo, akakaa naye chini pembeni mpaka bodaboda ikafika, akampakia, kisha naye akapanda nyuma yake, amemshikilia, wakaenda pamoja hospitali, mechi ikiwa haijaisha.

Wazee wenzangu wakasonya. "Huu nao ni mpira?" mmoja akauliza. "Enzi zetu nani alikuwa na ulaini huu?"

"Hakuna," nikamjibu, na ilikuwa kweli tupu. Nikabaki naitazama ile bodaboda mpaka vumbi lake likatulia.