Harufu Kwenye Maranda

Zabibu aliinusa mara ya kwanza siku ya kufua. Alikuwa amechuchumaa uani kwake Nshambya, beseni mbele yake, akalichukua shati la kazi la mumewe alikung'ute maranda kabla ya kulitia majini. Harufu ikampanda puani: ndizi mbivu zilizochacha, na mtama ndani yake. Hakuhitaji kunusa tena. Mtu aliyezaliwa Kagera haambiwi rubisi, pombe ya ndizi, inanukaje, na mwanamke aliyewahi kuishi na mlevi ndiyo usimfundishe kabisa.

Alilizamisha shati, akalisugua mpaka vidole vikamwuma, kisha akakaa chini kwenye simenti yenye maji. Aliogopa. Nalisema wazi kwa sababu Zabibu si mwanamke wa kuogopa ovyo. Ni mshona sare za shule ambaye walimu wakuu wenyewe humwamkia kwa adabu wakichelewa kuleta vipimo.

Saburi, mumewe, ni fundi wa mota za umeme pale mjini Bukoba. Zamani alikuwa mnywaji, tena si wa kuonja. Ijumaa utamkuta msikitini, safu ya mbele; Jumamosi yuko Izimbya kwa rafiki yake Rugaibula, mkulima Mlutheri ambaye rubisi yake ilisifiwa na vijiji vya jirani na kulaaniwa na wake wa vijiji hivyohivyo. Jumamosi moja alikwenda na Sumaiya, binti yao wa pekee, ambaye hata kuvaa viatu peke yake alikuwa hajaweza. Jioni mtoto akarudishwa na mchuuzi wa kahawa aliyemkuta barabarani akilia, ameshika ganda la ndizi. Baba alikuwa amelala migombani na inzi wake.

Saburi alipopata fahamu na kurudi, Zabibu hakupiga kelele. Alimwambia asikanyage tena kwa Rugaibula, na akaongeza neno moja ambalo Saburi hakulisahau: "Siku nitakayoinusa tena sitakuuliza. Nitaondoka."

Basi Saburi akaacha. Kuacha ni neno fupi, lakini mikono yake ilitetemeka hata kikombe cha chai kikamshinda, na jioni zilikuwa ndefu kuliko za watu wengine. Ndipo akachukua mota ya pampu iliyokwisha kutupwa, akaifunga kwenye benchi la mbao kule bandani nyuma ya nyumba, akatengeneza mashine ya kukereza. Gogo linazungushwa na mota, yeye anashika patasi, anaila mbao taratibu mpaka umbo linatoka. Kitu cha kwanza kukereza kilikuwa pia ya kuchezea ya Sumaiya, imepinda upande, ikizunguka kama mtu aliyetoka kwa Rugaibula. Walicheka, na katika nyumba ile kilikuwa kicheko cha kwanza baada ya muda mrefu.

Baada ya hapo hakushikika. Akakereza mabakuli ya mfenesi, manjano kama kiini cha yai, na sahani za mgrevilea. Mibuni iliyokufa kwa mnyauko akaifanya kalamu, anatia mrija wa wino katikati, anamgawia kadhi, anamgawia mchungaji, anamgawia hata askari wa barabarani. Hauzi. Ukimwuliza bei anakupa bure, halafu anakuomba uirudishe kidogo aipitishe msasa. Zabibu alinung'unika kwamba ndani ya nyumba hamna pa kuweka sahani ya kawaida, lakini ule muungurumo wa mashine jioni ndio uliomfanya akanyage cherehani yake kwa raha. Ukiunguruma, mume yupo, na yuko mzima.

Sasa ilikuja habari ya posa. Sumaiya alikuwa amekua, mwalimu wa chekechea, na kijana Najibu wa Muleba alimpenda. Tatizo halikuwa Najibu. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Riyadhi, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa watu lakini mwenye kumbukumbu ndefu. Alikuwa amesikia habari za Saburi wa zamani. Alisema hakatai wala hakubali. Atakuja na mkewe, ale chakula katika nyumba ile, aone binti anatoka wapi.

Saburi alifurahi kama vile ameshakubaliwa. Alitangaza kwamba wageni watakula katika vyombo vya mkono wake, na siku chache baadaye akaja na pikipiki imebeba vipande vinene vya mvule, vyeusi kwa uzee. Zabibu alimwuliza kavipata wapi. Saburi akasema kwa wapasua mbao, na akatazama bomba la maji lililokuwa likidondoka. Kisha akaingia bandani, akaufunga mlango.

Tangu hapo mambo yakaanza kulingana vibaya. Mashati yalinuka, kama lile la siku ya kufua. Macho ya Saburi yakawa mekundu, sauti ikamkauka. Yeye akasema ni vumbi la mvule, linamwasha, pua zote zimeziba, hanusi hata kitunguu kikiungua. Ni kweli mvule una vumbi baya, lakini hata walevi wana maneno mazuri. Tena alikuwa na furaha ya ajabu. Aliimba bandani peke yake. Alasiri moja alipojinyoosha mkekani akasinzia, Zabibu aliinama juu yake akanusa kidevu. Rubisi. Akanusa nywele. Rubisi. Alipekua banda Saburi alipokwenda kazini, akatafuta chupa, dumu, kibuyu, akakuta vyombo tu vimepangwa, vimepakwa mafuta na nta ya nyuki, vinang'aa na kunukia asali. Bakuli kubwa la katikati lilikuwa jembamba ukingoni kama sikio la mtoto. Alilipapasa na roho ikamwuma, maana Saburi hajawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, na akajiuliza mlevi anapata wapi mkono uliotulia hivyo.

Angebaki na swali hilo kama si Kokushubila, mama anayeleta ndizi mjini kutoka Izimbya. "Waitu mama Sumaiya," alimwambia kwa heshima ya Kihaya huku akishusha mkungu, "mzee wako nimemwona kwetu, kwa Rugaibula. Walikaa sana." Alisema kwa wema tu, kama mtu anayeleta salamu.

Njia ya mwongo ni fupi. Zabibu alimshukuru, akaingia ndani, akatoa begi chini ya kitanda. Akaweka vitenge, akaweka kipimo chake cha ushonaji na mkasi mkubwa. Kaka yake yuko Muleba, angekwenda huko. Lakini si kabla ya wageni. Angepika, angecheka, angemwoza binti yake kwa heshima, na mgongo wa Mzee Riyadhi ukishapotea njiani, yeye naye angefuata. Hakumwuliza mumewe neno. Alikuwa ameshasema kwamba hatauliza, na Zabibu neno lake halirudi nyuma.

Wageni walifika mchana, Mzee Riyadhi katika kanzu iliyopigwa pasi, pamoja na mkewe, Bi Maimuna, mwenye uso wa upole. Salamu zikawa ndefu, kahawa za kutafuna zikapita katika kibakuli cha mfenesi. Mzee alikigeuza mkononi, akauliza kimetengenezwa wapi, na alipoambiwa ni kazi ya mwenye nyumba akasema mashaallah. Saburi aliketi karibu na mlango, macho yake mekundu yakitabasamu. Zabibu alimtazama akasali moyoni asifungue mdomo karibu na mtu.

Akaenda jikoni. Sumaiya alikuwa amepakua bitoke, zile ndizi za kupika, kwenye sahani za mvule, na Zabibu mwenyewe akamimina ndani ya lile bakuli kubwa mchuzi wa sato uliokuwa ukichemka. Akalibeba kwa mikono miwili, mvuke ukimpanda usoni, akaingia sebuleni.

Hapo ndipo alipoinusa. Si kidogo, ilijaa chumba. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba Saburi amekunywa hata leo, hata mbele ya watu hawa. Akamtafuta kwa macho. Saburi alikuwa kule mlangoni, mbali, na harufu ilikuwa hapa chini ya pua yake. Alishusha uso kidogo kuelekea bakuli. Nta ilikuwa imeyeyuka kwa moto wa mchuzi, na chini ya nta mti ulikuwa unatoa yote uliyoyanywa.

Aliliweka mezani kwa sababu asingeweza kulishika zaidi. Mzee Riyadhi alikuwa ameshanawa. Mkono wake ulikwenda, ukasimama.

"Nyumba hii ina pombe," alisema. Hakuuliza.

Bi Maimuna akatazama mkeka. Sumaiya, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni na jagi la maji, aligeuka akawa kama hana damu. Saburi peke yake hakuelewa, na pua zake zilizoziba. Aliwatazama mmoja mmoja, halafu akalitazama bakuli, na Zabibu akaona uso wake ukibadilika polepole.

Zabibu hakungoja. Alilichukua bakuli, akaumwaga mchuzi wote uani, akalipangusa kwa kanga yake, akachukua chupa ya chai akamimina maji ya moto matupu. Akalisogeza mbele ya mgeni. Harufu ikapanda upya, kali kuliko mwanzo. Akasema mzee anuse mwenyewe, pombe iko kwenye mti, humo hamna kitu ila maji.

Ikabidi Saburi aseme. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mbao ile ni mtumbwi wa pombe, ule ambao Wahaya huuita obwato, ambamo ndizi hukamuliwa na kulazwa na mtama mpaka pombe ichache. Ulikuwa wa Rugaibula wa Izimbya, na kabla yake wa baba yake. Alidhani mti ukishakatwa, ukakerezwa, ukapigwa msasa, ni mti tu.

Mzee Riyadhi alisikiliza mpaka mwisho. "Mti nimeuelewa," alisema. "Sasa mtu." Akamgeukia Zabibu. "Mama Sumaiya, wewe ndiye unayeishi naye. Mwanangu nampeleka katika damu hii. Unaweza kuniapia kwamba mumeo hanywi?"

Zabibu aliona jinsi ingekuwa rahisi kuapa tu, kwa ajili ya mtoto, na kesho aondoke na begi lake. Lakini kiapo ni kiapo. Bakuli lilikuwa limejibu kuhusu mashati na nywele. Halikujibu kuhusu Izimbya, wala kuhusu mtu aliyetazama bomba la maji akamdanganya. Basi mbele ya wageni, akafanya lile alilosema hatalifanya.

"Baba Sumaiya. Kwa Rugaibula ulikunywa?"

Saburi aliinuka, kama mwanafunzi aliyetajwa jina. "Sikunywa. Rugaibula ameacha, tumbo limemharibika. Aliniita akaupasua mtumbwi kwa shoka mbele yangu, analia, akaniambia nichukue mbao, asije akauunga tena. Nilikudanganya nilikokwenda. Kunywa, sikunywa."

Zabibu alimtazama mikono. Ilikuwa imening'inia kando, mikavu, imejaa makovu madogo ya patasi, na haikutetemeka. Akakumbuka ukingo wa bakuli.

"Naapa," alimwambia Mzee Riyadhi. "Hanywi."

Mzee alilisogeza bakuli pembeni kwa kidole. Kisha akasema kwamba katika vyombo hivi yeye hatakula, wasimchukulie vibaya, lakini kama kuna sahani za bati anaona njaa. Sumaiya alikimbilia jikoni. Alirudi na sahani za zamani zilizobanduka rangi, na chakula kilichobaki sufuriani, na Mzee Riyadhi akala bitoke na sato katika nyumba ya Saburi, akaomba aongezwe. Nani asiyejua maana yake? Bi Maimuna alianza kutabasamu hata kabla ya mumewe kutafuna tonge la pili.

Wageni walipokwisha kusindikizwa, Zabibu alimwita mumewe chumbani. Alilivuta begi, akalifungua kitandani, akatoa vitenge kimoja kimoja, na mkasi, na kipimo. Hakueleza. Saburi alisimama akitazama mpaka begi likabaki tupu.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema mwishowe.

"Ningekuuliza, ungeniambia ulikuwa Izimbya?"

Saburi alikaa ukingoni mwa kitanda na kulia, na Zabibu akakaa karibu naye, kwa sababu naye alikuwa na haya yake. Wiki nzima alikuwa amenusa kidevu cha mtu asiye na hatia badala ya kufungua mdomo.

Saburi alitaka kulitia bakuli jikoni liwe kuni. Zabibu alimnyang'anya. Sasa liko juu ya meza ya cherehani yake, limejaa vifungo na nyuzi, na siku za jua halina neno, linanukia nta tu. Lakini Bukoba ni mji wa mvua. Zikija zile za siku nzima na unyevu ukaingia mpaka ndani ya kabati, bakuli hutoa harufu yake kidogo, na mguu wa Zabibu husimama juu ya kanyagio. Hajui kujizuia. Hugeukia dirishani, upande wa banda, na kuita, "Baba Sumaiya."

"Naam," Saburi huitikia, na mashine inanyamaza amsikie.

Hana la kumwambia. Husikiliza tu lile naam lilivyonyooka, kisha hukanyaga cherehani.