Robo ya Shimo la Kumi na Saba

Mjomba wangu ametunza bohari la sampuli kwa miaka ishirini na minane, huko ambako lami inakoma kilomita mia mbili kabla hujafika. Chini ya mabati yale kuna maelfu ya masanduku ya mawe yaliyotolewa ardhini na mashine za kuchoronga, kila jiwe refu na la mviringo kama mpini wa jembe. Mkewe husema ametiwa katika uke wenza na mawe, na mke mwenza mwenyewe hajawahi kuchota hata ndoo moja ya maji.

Kazi ile ina sheria moja. Jiwe likitakiwa nje, Mjomba hulipasua kwa msumeno toka ncha hadi ncha: nusu inaondoka, nusu inabaki. Nchi ya kwanza kuja kushirikiana nasi ilibeba nusu ikaahidi reli. Ya pili ilikuta nusu, ikabeba robo na kuahidi umeme. Mpaka leo Mjomba anaingia bohari na kurunzi.

Aliivunja sheria mara moja tu. Wageni wa kampuni moja walileta barua yenye muhuri mkubwa, akaona haya, akawapa mawe yote ya shimo la tisa. Baadaye serikali yetu ilipouliza kuna nini pale, iliambiwa matokeo ni siri ya kampuni. Yale ni madini yetu, na tunaambiwa siri! Mjomba hakulaumiwa na mtu, ila tangu siku hiyo hupita mstari ule wa masanduku matupu bila kuutazama.

Mwezi uliopita ikaja nchi ya tatu, ikiongozana na mkurugenzi wetu kutoka makao makuu. Walitaka mawe ya shimo la kumi na saba, tajiri kuliko yote, kabla ya mazungumzo ya mkataba. Ilikuwa imebaki robo. Waliitaka robo nzima.

Mjomba akaeleza sheria, taratibu, kama mtu aliyeieleza mara mia. Mkurugenzi akacheka, akamwambia robo ikipasuliwa itavunjika, wageni wapewe kokoto?

"Unanitia aibu, mzee. Wametoka mbali."

"Aibu yako itaisha kesho, mwanangu. Hili likipanda ndege lote, kwenye mkataba tutakuwa tunawauliza wao kwetu kuna nini."

"Nimesema toa."

"Nitatoa. Niandikie hapa daftarini kwamba umeamuru litoke lote, utie sahihi."

Mkurugenzi alichomoa kalamu. Akalisoma daftari la bohari, akawatazama wageni, akairudisha kalamu mfukoni.

Basi Mjomba akawasha msumeno. Jiwe lilishika mpaka katikati, kisha likavunjika vipande, kama mkurugenzi alivyosema. Akavigawa kimoja kimoja mezani, huku na huku, bila kuinua macho. Wageni wakafunga vyao kwenye karatasi. Vya kwetu alivikusanya na unga wake, akavitia kwenye mfuko wa kitambaa, akaandika namba.

Mkurugenzi akamwambia ajiandae, barua ya kustaafu itamfuata. Mjomba akasema sawa. Magari yalipoondoka, aliketi juu ya sanduku akavua viatu, maana miguu ilikuwa imevimba tangu asubuhi.